Chapati Kumi za Kona ya Kwanza

Chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa kwa wiki tatu nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma ili nisikutane na Mkenya yeyote stesheni ya treni ya Seven Hills, hapa Sydney.

Yote yalianzia kwenye chapati. Mume wangu Mutua alijitolea kusaidia kwenye uwanja wa mbio za pikipiki (zile zisizo na breki, zinazozunguka kwenye udongo kama zimerukwa na akili), basi kila Jumamosi ananiambia, "Mama Ken, nifungie kumi, zile laini." Kumi! Mtu anayekula mbili na kulalamikia kiungulia! Siku moja nikamsikia kwenye simu akicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tuhamie Sydney, akisema kwa Kiingereza, "Usijali, chapati zako zinakuja." Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke. Wivu ukanipanda.

Jumamosi ya mashindano makubwa, ya timu za mataifa, nikabadilishana shifti, nikafungasha nguo zake zote nzuri kwenye begi na kuliacha mlangoni limsubiri, nikavaa gauni jeupe la harusi ya shemeji na kilemba (kama ni kuachana, tuachane nikiwa nimependeza), nikaenda.

Uwanja umejaa, lakini kwenye kona ya kwanza, karibu na wanapoandalia pikipiki, safu nzima ya mbele iko tupu. Sasa kwetu, safu ya mbele ikiwa tupu ujue imewekewa waheshimiwa, na kwa gauni lile nikajiona mheshimiwa, nikaketi katikati. Mzee mmoja nyuma yangu, kavaa miwani kama ya fundi wa kuchomelea, akanipungia mkono nirudi nyuma, nami nikampungia. Pikipiki nne zikaingia kona zimelala ubavu, na udongo wote mbichi ukanijia usoni.

Nilipofumbua jicho moja nikamwona Mutua ng'ambo ya ua anamlisha chapati binti wa timu ya Australia. Mdomoni. Kipande kwa kipande.

Nikapita geti (mlinzi nadhani aliniogopa), nikasimama mbele yao nikichuruzika tope. "Mutua! Miaka tisa hujanilisha hata kijiko cha uji! Hata nilipojifungua!"

"Mama Ken, tafadhali," akanong'ona, "kipaza sauti!"

Mtangazaji alikuwa hapo hapo, amekuja kumhoji yule binti. Uwanja mzima ulisikia, na kutoka jukwaani akina mama wa Kikongo wakaitikia, "Sema yote, mama!"

Binti akainua mikono: glavu zimefungwa kwa utepe, zimejaa mafuta, hawezi kushika chakula. Akauliza nimesema nini. Mutua akatafsiri huku anatazama viatu vyake. Binti akasema, "Basi mlishe."

Mutua akanilisha, mbele ya mataifa, chapati yangu mwenyewe, ina mchanga. Nikalia kidogo, nikala yote.

Nyumbani akalikuta begi. "Hili la nini?" Ningesema nini? "Nguo za wahitaji, za kanisani." Kesho yake, mimi niko kazini, akalibeba mwenyewe hadi kanisani bila hata kulifungua.

Sasa kila ibada namwona baba mmoja wa Goma ndani ya lile shati la samawati nililomnunulia Mutua, mkewe kamshika mkono, na wivu unanipanda upya. Nimeapa: wivu ukinishika tena nitauliza kwanza, na begi sifungashi.