Isale la Bibi

Msimu wa kahawa, nyumbani kwa bibi Kirua Vunjo kulinuka maganda yaliyoanza kuchacha, na harufu ile niliipenda. Mwaka nilipotimiza miaka tisa ilichanganyika na nyingine, ya kidonda cha mguu wake. Alikuwa amejikata na jembe, akafunga kitambaa, akaendelea kuchuma kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na mikono ilikuwa haba. Mama alipomshusha hospitalini Moshi mjini, nami nimemshika bibi mkono, daktari alikifunua kidonda mbele ya wanafunzi wake, akauliza, "Ulisubiri mguu uoze ndiyo uulete?" Bibi, aliyekuwa na neno kwa kila mtu kijijini, alivuta kanga akaufunika mguu.

Wiki iliyofuata, siku ya kurudi kusafishwa kidonda, alikata jani la isale mpakani mwa kihamba chake cha migomba na kahawa, akaliosha, akalifunga kwenye pindo la kanga. Kwetu Uchagani, mkosaji humpelekea isale aliyemkosea, na hata kosa likiwa la damu, isale halikataliwi. Alimpa daktari kwa mikono miwili. "Nimechelewa, baba. Nisamehe." Daktari, mgeni kutoka mbali, alidhani ni dawa ya kienyeji. "Majani yenu muyaache nyumbani," akasema, akalitupa kwenye pipa la taka. Miongoni mwa wanafunzi walikuwamo Wachaga. Walitazama viatu vyao.

"Amekataa," bibi alimwambia mama tulipotoka. "Nirudi kwa nani?" Mama alimbembeleza, mchungaji akambembeleza, nami nililia nimeukumbatia mguu wake mzima. Hakurudi. Tulimzika kabla ya masika, karibu na mpaka ule wenye isale. Nilimchukia yule daktari miaka mingi, na chuki hiyo ndiyo iliyonisukuma kusomea udaktari.

Leo nafundisha madaktari wanafunzi, hapa hapa Moshi. Nawaambia waketi kwanza, wamuulize mgonjwa ametoka wapi na nani amebaki na ng'ombe. Juzi foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na njaa. Mzee mmoja kutoka Machame alifunua mguu wake wenye kidonda, na kabla hata sijamwamkia nikasikia sauti yangu ikisema, "Mzee, ulikuwa wapi siku zote hizi?" Aliinamisha kichwa. Nilimwandikia vipimo, akatoka. Nilipoinua macho, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Niliacha kalamu nikatoka mbio kumfuata yule mzee. Nje, juu ya benchi, niliikuta karatasi ya vipimo, imekunjwa vizuri, na yeye hayupo.