Yowe na Kiapo

Asubuhi tuliyoondoka Bariadi na lori la mchele kwenda Kongo, mke wangu Kabula alikuwa akipepeta choroko uani. Shabani, dereva mwenzangu, mzaliwa wa Tanga, aliswali kwanza, kisha akaja kunichokoza kama kawaida yake.

"Msukuma, kanisani huendi, msikitini huendi. Usipomwogopa Mungu, unamwogopa nani?"

"Majirani," nikamjibu.

Kabula hakucheka. Alikuwa amesikia habari za vita vya huko Kongo. "Shemeji, utanirudishia Masanja wangu?"

"Wallahi nitamrudisha."

Nilidhani ni maneno ya kuagana tu.

Tulikuwa tumefika Kongo, tukishusha mchele, waasi walipoingia mjini. Tukajibanza kwenye ghala la matofali pamoja na wapagazi. Wenyeji walijua la kufanya: walilala kifudifudi, wakanyamaza.

Ndipo mwanamke akapiga yowe barabarani.

Kwetu likipigwa yowe, lile tuliitalo mwano, kila mwenye miguu hutoka. Asiyetoka, kijiji humtenga. Hata moto wa kupikia hapewi. Nimelelewa hivyo tangu nikichunga ng'ombe kijijini kwetu Mkula. Sikufikiri. Nilitoka mbio, nikitegemea watu watamiminika kutoka kila mlango.

Hakutoka mtu.

Barabarani tulikuwa mimi na yule mwanamke aliyepiga yowe, mama muuza chai, amemlalia mwanawe. Risasi zikatimua vumbi mbele yangu.

Nikaganda.

Nikasikia miguu nyuma. Shabani! Akamnyakua mtoto, mimi nikamburuta mama. Tulikuwa tumefika mlangoni Shabani alipopigwa risasi ya mguu, akaanguka.

Mguu wake ulikatwa hospitali ya kulekule. Lori sijui liliishia wapi. Lakini mama yule alipona, mwanawe alipona, Shabani alipona. Tulipovuka mpaka nililia kwa furaha mbele ya maofisa wa uhamiaji, wala sikuona haya.

Nilimuuliza kwa nini alinifuata.

"Mambo ya yowe lenu siyajui. Nilimwapia Kabula kwa jina la Mungu. Ningerudi kumwambia nini?"

Miaka imepita, bado tunabishana. Yeye husema bila kumcha Mungu kwake, ningekufa pale nimesimama kama kigingi. Mimi humwambia bila majirani zangu wa Mkula, yule mama angekufa sote tukiwa tumelala kifudifudi. Kabula hutusikiliza, akatuwekea ugali, akasema yeye amepata alichoomba.

Mwezi uliopita yowe lilipigwa mtaani kwetu: wezi wa ng'ombe. Nikatoka mbio. Shabani, ambaye sasa ni jirani yangu, alikuwa amesimama mlangoni kwake na magongo yake, uso ameuelekeza kwenye kelele.

"Kimbia, Msukuma! Mimi nakuombea dua!"

Ng'ombe walirudi wote, hakuna aliyeumia, na nilishukuru kwa moyo wangu wote. Lakini njia nzima, katikati ya watu wote wale waliotoka, nilikuwa nasikiliza miguu ya Shabani nyuma yangu.