Vitambaa vya Mume Wangu

Mume wangu haamini mdomo wa mtu, anaamini oili. Huko gereji wanamwita Hakimu. Gari likiingia hashiki spana kwanza. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukipangusa kwa kitambaa cheupe, hukipeleka kitambaa dirishani, kisha humtazama mwenye gari kana kwamba kamfumania. Kitambaa hukiandika tarehe na kukitia kwenye debe la biskuti. Shuka zangu nzuri zimeishia humo, na nimenung'unika mpaka nimechoka.

Kitambaa ndicho kilichomfukuzisha mwanetu wa kwanza, fundi kama baba yake. Injini ya mteja mmoja ilikuwa inaingiza maji. Yeye akamwaga oili iliyochafuka, akajaza mpya inayong'aa, gari likauzwa kama zima. Baba yake akalinganisha na kitambaa cha zamani cha gari hilo, akagundua. Miaka minne sasa mwanangu hatajwi nyumbani, na mimi nilikatazwa kumfuata.

Nilimfuata. Mwezi wa pili sasa, kila Alhamisi huaga kwamba naenda kikundini, kumbe mkwe wetu, mume wa binti yetu, ananipeleka na gari lake kwa mwanangu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Binti yetu hatukumwambia, maana mdomo wake hauna kufuli.

Juzi nilipeleka chakula gereji, nikamkuta mkwe kaleta gari likaguliwe. Hakimu alikuwa ametandaza vitambaa viwili mezani. Cha miezi miwili nyuma, gari lilipotiwa oili mpya, kilikuwa na rangi ya asali. Cha siku hiyo kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni.

"Mkwe, si ulisema gari hili ni la kazini na nyumbani tu?"

"Ndiyo, baba."

"Kazini kwako hata kwa miguu unafika. Hii oili imesafiri. Inaendaga wapi?"

Mkwe akanitupia jicho, akainamisha kichwa.

"Una nyumba ndogo wewe," mume wangu akasema, simu tayari mkononi. "Binti yangu anarudi kwetu leo hii."

Na yule kijana akanyamaza! Alikuwa radhi ndoa yake ivunjike kuliko kunitaja mimi. Niliona aibu sijawahi kuiona.

"Weka simu chini, baba watoto. Hiyo nyumba ndogo ni mimi."

Nikamwambia yote, nikangoja anifukuze na mimi. Akavikunja vile vitambaa viwili, kimoja kimoja.

"Na huyo mwanao," akasema mwishowe, "bado anaficha watu ugonjwa wa magari yao?"

Sikubishana. Nikafungua mkoba. Wiki tatu nilikuwa natembea na kitu alichonipa mwanangu nimpelekee baba yake, nikiogopa kukitoa. Kilikuwa kitambaa cheupe chenye tarehe pembeni na doa la rangi ya chai ya maziwa.

Hakimu akakipeleka dirishani. Akakitazama mbele na nyuma, akakinusa. Shaka haikumtoka usoni.

"Injini hii imeingiza maji. Amemwambia mwenye gari?"

"Amemwambia. Yule mtu akakasirika, akalipeleka kwa fundi mwingine."

Akamgeukia mkwe. "Kweli?"

"Nilikuwepo, baba."

Akafunua debe, akakiweka kitambaa cha mwanawe juu ya vingine, akafunga. Kisha akachukua spana, akajilaza chini ya gari la mkwe.

"Nileteeni oili mpya," sauti ikatoka chini. "Alhamisi si kesho kutwa?"