Geji Niliyoinyamazisha

Nianze na ujinga wangu ili tumalizane nao mapema. Nilichomoa waya wa geji ya joto kwenye gari la babu. Haukuchomoka wenyewe, wala panya hakuutafuna, ingawa panya nilishamwandaa awe mshtakiwa. Niliuchomoa mimi, kwa vidole hivi, nikaubana pembeni kwa mkanda mweusi usionekane.

Sababu ilikuwa Mama. Babu alipoacha kuendesha, gari lilihamia kwetu Kaloleni, na Mama akawa analitumia kushushia ndizi kutoka kwao Akheri. Ni gari refu la dizeli, la kupandia milima, limenizidi umri kwa mbali, na mlango wake wa nyuma haufunguki mpaka uupige kwa goti. Mama haogopi matope, haogopi trafiki. Alichoogopa ni mshale. Mshale wa joto ukigusa nusu tu, tunaegesha. Tunakaa pembeni ya barabara na mikungu yetu kama watu waliofukuzwa mahali, wanafunzi wenzangu wanapita wananipungia mkono kwa dharau. Jumamosi moja tulisimama mara nyingi mpaka nikasema moyoni, basi, inatosha. Jioni nikafungua boneti, nikautafuta ule waya mwembamba unaoingia kwenye injini karibu na mpira wa juu wa rejeta, nikauchomoa. Mshale ukalala chini kabisa, kwenye baridi, ukatulia kama mtoto aliyeshiba.

Mama akauliza nimelifanya nini gari.

"Nimeliombea," nikasema.

Kumbe aliamini. Jumapili iliyofuata akatoa shukrani kanisani kwa ajili ya gari lililopona, pamoja na mkungu wa ndizi uliokwenda mnadani baada ya ibada. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma wa kwaya ya vijana, nimeuma midomo mpaka inauma. Nilikuwa na mpango wa kuurudisha ule waya, kweli kabisa. Lakini unaurudishaje muujiza ambao watu wameshaupigia makofi? Nikauchuna.

Siku hizo babu, baba yake Mama, alikuwa amelazwa hospitali mjini. Alikuwa mtu mrefu wa kupigia kelele watu walioko ng'ambo ya shamba, sasa amelala kwenye shuka kama koti lililosahauliwa. Siku moja daktari alimwita Mama kwenye korido. Nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika chupa ya uji, na nilisikia. Alisema dawa zimefika mwisho wake, kwamba kama mzee anataka kurudi kwake, ni vizuri arudi sasa. Mama akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa upande wa ndani wa kitenge, akanitazama. "Hujasikia kitu," akaniambia. Kisha akaingia wodini na sauti mpya, nyepesi, sauti ya mtu anayeuza maandazi.

"Baba, umeruhusiwa! Daktari anasema ukapumzike nyumbani, upate nguvu."

"Msimu wa kahawa utakukuta unatukaripia," akaongeza mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kona ya kitanda.

Babu aliwatazama mmoja mmoja. Hakubisha. Alisema ana ombi moja tu, afike kwake kabla jua halijazama.

"Ukipumzika kidogo tukaondoka baadaye si utapata—" Mama akaanza.

"Giza hata huku lipo," babu akasema. "Nataka nikaione migomba."

Basi hilo ndilo lililokuwa mikononi mwetu siku ile. Kumfikisha mzee kwake, macho yakiwa bado yanaona na jua likiwa bado lipo.

Karatasi za hospitali hazina haraka na mtu. Mchana ulikuwa umeshaegemea jioni tulipomlaza babu nyuma ya gari lake mwenyewe, juu ya godoro, kichwa kwenye mapaja ya mjomba. Nilimfunika blanketi mbili na bado alikuwa akitetemeka. Mama akashika usukani, mimi nikakaa mbele kushoto, mahali ambapo mshale ulikuwa unanitazama wazi. Umelala kwenye baridi. Ulivyotulia, nilitamani kuupiga kofi.

Kwenye lami hatukuwa na shida. Tulipofika Tengeru tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Wanaoijua njia hiyo wanajua, unapanda mpaka unaanza kulionea gari huruma. Mvua zilikuwa zimeichimba, na mlima wenyewe ulikuwa umejifunika wingu, hauonekani kabisa. Mama akatia gia ndogo. Tukaenda. Halafu injini ikaanza kuishiwa pumzi. Ukikanyaga mafuta inaguna tu, haiongezi. Kukawa na harufu fulani tamu ya kuungua, na nikajua, nikajua kabisa, na sikusema. Gari likatikisika mara mbili, likazima.

Nikaruka kuweka jiwe kwenye gurudumu la nyuma. Mjomba akaweka kichwa cha babu juu ya mto, akashuka.

"Siyo joto," Mama akasema dirishani. "Geji iko chini kabisa."

"Basi ni dizeli haifiki," mjomba akasema. "Filta imeziba, au imevuta hewa. Wewe bwana mdogo, niletee spana."

Nikaleta spana. Fikiria hapo. Mtu mzima anafungua boneti kwa uangalifu, anaanza kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, kwa sababu mimi nimeziba mdomo wa chombo kilichowekwa pale kusema. Alilegeza nati ya filta, akaanza kubonyeza pampu ya mkono ili hewa itoke. Dizeli ikatoka safi, bila povu. Akabonyeza tena. Ikatoka safi tena. Jua lilikuwa limeshashuka kwenye matawi ya mgrevilea. Ndani ya gari babu alikohoa, kikohozi kikavu kisicho na nguvu ya kujimaliza.

"Mbona dizeli ipo?" mjomba akasema, akikuna kichwa kwa mkono wenye mafuta.

"Kaza hiyo nati, tutoke hivyohivyo," Mama akajibu. "Hapo juu si mbali. Nitalilazimisha." Akashika ufunguo.

Nikasema, "Mama, usiwashe."

"Kwa nini?"

"Hiyo geji haisemi kweli. Gari linachemsha. Nilichomoa waya."

Sijui nilitegemea nini. Mama alishuka, akaja mbele, akaweka kiganja karibu na rejeta, akakirudisha haraka. Halafu akanitazama, na nikaona anafanya hesabu: mkungu, kanisa, makofi. Mjomba ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"We mtoto una akili kweli? Hii ndiyo ile ya 'nimeliombea'? Yaani dada yangu amesimama madhabahuni kumshukuru Mungu kwa utundu wako?" Akageuka pembeni, na nadhani kama siku ingekuwa nyingine angecheka. "Ungemwacha awashe, gasketi ya injini ingeungua, na mzee angelala hapa kwenye majani. Hapa!"

Nikaenda kukagua lile jiwe la gurudumu. Mimi ambaye darasani nina jibu hata la swali lisiloulizwa.

Mjomba akataka kufungua kifuniko cha rejeta pale pale. Mama akamzuia kwa mkono. "Hafungui mtu mpaka kiganja changu kikae juu yake bila kuungua." Likawa ndilo neno lake la kwanza, na halikuelekezwa kwangu. Tukangoja. Nikaingia chini ya gari kwa tumbo, nikimulika kwa tochi ya simu, nikaona maji yanadondoka kutoka mpira wa chini wa rejeta. Ulikuwa umepasuka pale pale klipu inapobana, ufa mdogo kama mdomo wa mtu anayenong'ona. Kwa hiyo maji yalikuwa yanatoka polepole tangu siku zile tunasimamasimama. Mshale ulikuwa unasema kweli siku zote.

Mwanamke mmoja akapita ametoka shambani, dumu kichwani.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa bado chini, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Marahaba. Poleni jamani. Huyo ndani si mzee wa…" Akachungulia dirishani. Alilishusha dumu na kutuonyesha mfereji unakopita, nyuma ya migomba ya watu, akasema tuchote tu, dumu atalifuata nyumbani kwa mzee.

Kiganja cha Mama kilipotulia juu ya rejeta, tukaanza kazi. Nililegeza klipu kwa bisibisi, maji machache yaliyobaki yakanimwagikia shingoni, nikastahili. Mjomba akanipa kisu chake cha kukatia mikungu. Nikakata ile sehemu iliyopasuka, upana wa vidole viwili hivi, nikausukuma mpira ulio mzima urudi kwenye shingo ya rejeta, nikakaza mpaka bisibisi ikakataa. Maji ya mfereji yalikuwa na udongo. Mama akavua mtandio wake, akautandaza juu ya mdomo wa rejeta, tukachuja kupitia hapo. Tulimimina taratibu, injini ikiwa imewashwa, mpaka mapovu yakaisha. Nikaurudisha na ule waya. Mshale ukaamka, ukaanza kupanda.

"Utafika juu tena kabla hatujafika," mjomba akasema.

"Tuwashe hita," nikasema. "Inavuta joto la injini inalileta ndani."

"Hita ilikufa zamani."

Hilo nilikuwa nalijua. Nilifungua kile kiboksi cha fyuzi chini ya usukani, nikachomoa ya feni ya hita, nikaiinua kwenye mwanga. Kile kiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika. Nikachukua nyingine ya namba ileile, ile ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma, kifaa ambacho ukoo mzima haujawahi kukiona kikifanya kazi, nikaipachika. Feni ikapiga kelele kama kuku aliyebanwa mlangoni, ikatoa vumbi la miaka, kisha ikatoa moto.

Tukapanda. Mama anaendesha, mimi nasoma mshale kwa sauti, jasho linanitiririka. "Nusu. Nusu. Nusu na kidogo. Simama, Mama." Anasimama, anaacha injini inaunguruma bila kukanyaga, mshale unarudi, tunaenda tena. Hakunijibu hata mara moja, ila kila nilipomwambia asimame, alisimama.

Nyuma babu akasema, "Nani amekoka moto?"

"Ni hita, baba," mjomba akamjibu. "Tuizime?"

"Iacheni. Kule hospitali kulikuwa na baridi."

Nilipogeuka nikaona ameacha kutetemeka. Amefumba macho, uso umeelekea kwenye ule upepo wa moto, kama mtu aliyekaa jikoni kwake. Tuliposimama tena akauliza, bila kufumbua macho, kwa nini tunasimamasimama.

"Gari linapumzika, baba," Mama akasema kwa ile sauti ya maandazi.

"Linachemsha," babu akasema. "Harufu yake niliisikia kabla hatujaiacha lami."

Mjomba akashangaa. "Sasa baba, mbona hukusema?"

Babu akatafuta pumzi kwanza.

"Nilidhani mnajua. Nikadhani mnanificha tu, kama mnavyonificha yale mengine."

Feni ya hita ikaendelea na kelele zake. Mama akakaza mikono kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke mjini sikuwa na hamu ya kusema jambo lolote la kuchekesha, hata kimoyomoyo. Nikasoma mshale. "Umeshuka, Mama. Twende."

Tulifika jua likiwa bado limebaki juu ya migomba, lile la mwisho, la rangi ya chai. Mjomba na vijana wa jirani walimbeba babu kwa blanketi, na yeye akawaambia wasimwingize ndani kwanza. Wakamweka chini ya migomba yake. Aliitazama kwa zamu. Kuna mmoja ulikuwa umeelemewa na mkungu, akauliza ni nani huyo mvivu aliyesahau kuuwekea nguzo, na mjomba, mtu mzima mwenye watoto, akakimbia kutafuta nguzo. Jua likaisha huku babu anaangalia. Ndipo akakubali kuingia, na akamwita Mama, na Mama akaufunga mlango nyuma yake.

Mimi nikakaa kwenye bampa ya mbele. Injini ilikuwa inapoa, inatoa vile vilio vidogo vya chuma. Mjomba akaja na kikombe cha chai, akanipa, akasimama karibu yangu bila kukaa.

"Jiandae, bwana mdogo," akasema. "Dada yangu namjua. Akinyamaza hivi anakusanya lawama."

"Najua, mjomba."

"Na utazichukua zote."

"Nitazichukua."

Ndani sauti za Mama na babu zilikuwa chini mno, za Kimeru, ambacho mimi nakisikia nusunusu. Kwanza ya Mama, muda mrefu. Halafu ya babu, maneno machache. Halafu hakuna sauti kabisa, na kimya hicho kikawa kirefu mpaka chai ikapoa mkononi mwangu. Mlango ukafunguka. Mama akaja pale nilipo, macho mekundu, mtandio wenye udongo wa mfereji bado uko begani. Nikasimama. Nilikuwa nimeshaipanga hotuba yangu, yenye waya na mkungu na samahani tatu.

"Mama, ule waya—"

Akainua mkono, nikanyamaza.

"Ameniuliza alichosema daktari, nimemwambia," akasema. "Ingia ukakae naye. Na usimpelekee hiyo sura ya msibani, bado yupo."