Dakika Mbili za Oralia

Miaka kumi na tisa Verlene Tafoya alikuwa mpelelezi pekee wa Tume ya Mwenendo wa Majaji, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la matairi, na hakuna mbunge aliyewahi kumkumbuka. Februari hii walimkumbuka. Kamati ya bajeti ya jimbo ilitaka kuifutia Tume fungu lake lote, na mwenyekiti, Gaylen Stroud, alishindwa hata kuficha furaha yake.

"Mama Tafoya, mnafanya nini huko juu ya matairi? Mnapasha moto mikate ya tortilla?" Wajumbe wakacheka. "Haya, nitajie jaji mmoja tu mnayemchunguza sasa."

"Sheria hainiruhusu, Mheshimiwa. Mpaka ashtakiwe rasmi, ni siri."

"Kumbe tunalipia siri!"

Kulikuwa na jaji wa namna hiyo, tena shemeji yake Stroud. Bado hakuwa ameambiwa nani kamlalamikia. Verlene akimtaja, wakili wa jaji angepata sababu ya kuyafuta malalamiko yote. Akinyamaza, Tume ingefungwa kabla shauri halijasikilizwa. Stroud alilijua hilo, mnafiki mkubwa yule.

Mlalamikaji, Oralia Benavidez, mpishi wa shule, alikuwa ameketi safu ya nyuma na koti lake limelowa theluji. Verlene alimwona akiingia na hakuthubutu kumsalimu. Jumatatu jaji huyohuyo angeamua upya kama binti wa Oralia atarudi nyumbani au atabaki kwa baba yake.

"Kuna mwananchi wa kuitetea ofisi hii?" Stroud aliuliza kwa mazoea, macho yakiwa kwenye saa. "Dakika mbili tu."

Kaa hapohapo, Verlene aliomba moyoni. Aliipenda kazi yake, lakini si kwa bei hiyo. Nyuma yake kiti kikalia.

"Naitwa Oralia Benavidez. Mimi ndiye niliyelalamika. Jaji Hollis Wray aliamua kesi ya mwanangu kwenye simu, akiongea na wakili wa mume wangu, mimi sipo. Mkiifunga ofisi hii nikalalamike wapi, Mheshimiwa? Kwako?"

Safari hii hakucheka mtu. Wote walijua Wray kaoa kwa nani. Kura zilipopigwa, fungu lilibaki, sita kwa tano, na Stroud akatoka na simu sikioni kabla matokeo hayajamaliza kusomwa.

Verlene alimkuta Oralia kwenye ngazi, akihangaika na vifungo vya koti.

"Sasa atajua ni wewe. Kwa nini hukukaa kimya, mwenzangu?"

"Kwani ningenyamaza, wewe ungeongea?"

Verlene akamfunga vifungo, kimoja kimoja. "Jumatatu nitakuja kukaa nawe mahakamani."

"Unaruhusiwa?"

"Siruhusiwi."

"Basi usije. Wakikufukuza, nitakuwa nimempoteza binti yangu bure."

Verlene alijua anasema kweli. Jumatatu saa tatu asubuhi, kesi ya Oralia ikianza, alikuwa mezani kwake, faili la Wray wazi mbele yake, na hakuweza kusoma hata mstari mmoja.