Nilimdanganya Padre Kuhusu Kaka Yangu

Pwaa! Mpaka leo nausikia mlio wa kile kibuyu kikipasukia kwenye jiwe, pale uani kwetu Nanyala. Jamani, kosa ni langu. Nawaambia ninyi kwa sababu nyumbani siwezi kulitaja bila kulia.

Kaka yangu alikuwa seminarini. Akija likizo, mama hakumruhusu hata kushika jembe. "Mikono hiyo itashika kalisi altareni," alisema. Na mimi je? Nilikuwa nimeshachagua gauni la Misa yake ya kwanza, na kisimani nilijizoeza vigelegele mpaka wenzangu wakanicheka!

Siku moja ya likizo Mzee Nzowa, aliyekuja kutusaidia kuchuma kahawa, alimnyooshea kaka kibuyu chake. "Mjukuu wangu, nichotee maji, mguu unauma."

"Mimi nasomea upadre, sisomei kuchotea watu maji!" Kaka akakipiga kibuyu teke.

Mzee akaokota vipande. "Haya, Padre mdogo. Kiu itasubiri."

Nami nikacheka. Ee Mungu wangu, nilicheka!

Likizo ilipokwisha, Padre wetu, Mzungu wa ndevu ndefu, akaniita. Kila mseminari alirudi seminarini na barua ya Padre ya kueleza mwenendo wake wa likizo, na yeye alipenda kwanza kuwauliza watu wa nyumbani.

"Binti, kaka yako anaishije na watu? Kusali najua anasali. Nauliza watu."

Nikakumbuka kibuyu. Nikakumbuka na gauni langu.

"Mpole mno, Padre. Hata wazee anawachotea maji."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho! Padre akatabasamu, akaandika.

Mwaka uliofuata, kabla hata ya likizo, lori likamshusha kaka barabarani na sanduku lake. Alikuwa amemtukana mpishi wa seminari na kummwagia uji miguuni. Wakamfukuza.

Nikaenda kwa Padre kukiri uwongo wangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema tu, "Ningejua mwaka jana, ningemweka hapa misheni achote maji na kupasua kuni pamoja na wapishi. Kiburi chake kilikuwa bado kichanga."

Kaka naye nikamweleza. Alikuwa akipalilia kahawa, viganja vimejaa malengelenge. Akanitazama sana.

"Ungesema, mdogo wangu, ningekununia wiki moja. Basi."

Wiki moja! Kila kengele ya Misa ikilia, nayasikia maneno hayo.

Ninyi wenye kaka au wana seminarini, nawasihi, wapeni majembe. Wakimdharau mtu, msicheke. Na Padre akiwauliza, semeni kweli, hata kama gauni limeshachaguliwa.

Jumamosi nilichukua kibuyu kipya nilichokikausha mwenyewe, nikakijaza maji ya kisima, nikaenda nacho peke yangu kwa Mzee Nzowa. Alikuwa shambani. Nikakiweka kivulini mlangoni pake, nikakiziba kwa gunzi la hindi, nikarudi nyumbani.