Mnara Wenye Tangi la Maji

Enzi zetu, sisi Warundi tulioshuka Sydney kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, kanisa lilikuwa jengo lililochongoka. Halikuhitaji kibao. Ukiona madirisha yenye ncha na mnara juu, unavua kofia. Watoto wa leo kofia hawavui. Wanatoa spika ya sikio moja tu, tena kwa kubembelezwa.

Mama hakuwa na pa kuimbia. Kambini ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Huku St Marys, kitongoji cha Sydney tulikopangiwa nyumba, akianza tu jikoni, jirani anagonga ukuta. Kwenye kanisa tulilopelekwa na wafadhili, waliimba kwa kunong'ona, na ibada iliisha kabla sijasinzia vizuri. Mama akanyamaza, miezi ikapita. Nilikuwa namwogopa alivyokuwa akiosha vyombo kimya.

Alikuwa akisafisha ofisi mjini, na kupitia dirisha la treni alikuwa ameuona mnara. Jumapili moja alitupaka mafuta mimi na dada yangu tukang'aa, akatushusha stesheni tusiyoijua, tukaufuata mnara hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani kulikuwa na vioo vya rangi, dari ya mbao iliyochongoka, na viti vigumu kama adhabu. Waumini tu ndio hawakuwepo. Mama akasema tumewahi, tukakaa.

Akashuka ngazi bibi mmoja wa Kizungu, amevaa gauni la kulalia na kandambili. Mama akasimama kwa heshima, akidhani ni mtawa aliyestaafu. Bibi alitutazama, akaingia ndani, akarudi na sahani ya biskuti. Mama akapiga goti, akafumba macho, akafungua mdomo. Maskini bibi wa watu, akamwekea.

Mama akaitika amina, na kabla sijamvuta nguo akaanzisha wimbo. Dari ile iliichukua sauti yake ikaizungusha nyumba nzima. Nilitaka kulia kwa furaha, na kukimbia pia. Bibi alikaa kwenye ngazi akasikiliza hadi mwisho.

Kisha akatueleza, mimi nikitafsiri. Nyumba ilijengwa na tajiri wa sufu ya kondoo aliyetaka pesa zake mpya zionekane za ukoo. Minara midogo ya paani haikushikilia kitu. Mnara wenyewe, uliotutoa St Marys, ulificha tangi la maji. Nikamwambia Mama tumeabudu sebuleni mwa mtu. Akajifuta makombo mdomoni.

"Muambie Mungu hajakataa. Na muulize, dimanche ijayo atakuwepo?"

Bibi akasema Jumapili ijayo atakuwepo, ila safari hiyo atavaa. Tukawa tunakwenda, sisi na nusu ya Warundi wa St Marys, hadi alipofariki.

Siku hizi nyumba inakodishwa kwa harusi. Niliwapeleka wanangu, wakajipiga picha, wakauliza kwa Kiingereza kama kuna sehemu ya kuchaji simu. Sisi tuna kanisa letu wenyewe, godauni jirani na gereji, lenye mlango wa bati na spika zinazomzidi mchungaji kimo. Vijana wanaimba kwa mashine. Mama anakaa mbele, mikono mapajani, kimya kama enzi zile za vyombo.

Jumapili iliyopita nilimuuliza mbona haanzishi wimbo. Akalitazama lile bati, kisha akanitazama mimi.

"Nianzishe, nani atashuka kusikiliza?"